Nundu ya silinda ya sita: shajara ya V8 moja ya Kigoma

Jumatatu

Range Rover ya milango miwili, petroli, V8 (silinda nane) ya lita 3.5, imeshuka leo kutoka Gungu hadi gerejini kwetu Mwanga ikivutwa na Land Cruiser. Mwenyewe ni mstaafu wa reli, na mtaani wanalijua gari lake kwa mlio kabla halijakata kona. Sasa mlio ndio umekuwa kesi. Anasema gari limekosa pumzi mlimani, akikanyaga mafuta linakohoa kupitia kabureta, na upande wa kulia kuna ti-ti-ti ambayo haiishi hata injini ikishika moto.

Limeshapita kwa mafundi wengine. Kabureta zote mbili zimefunguliwa, plagi mpya, waya mpya, distributa imezungushwazungushwa mpaka taimingi (wakati wa kupiga cheche) imebaki ya kukisia. Wa mwisho alihukumu bila kufungua chochote: valvu zimeungua, hedi (vichwa vya injini vinavyobeba valvu) zishushwe. Huenda. Lakini hedi mbili za alumini si kitu cha kushusha kwa kuhisi, hasa huku kwetu ambako gasketi yake inaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli.

"Mwanangu, pima utakavyo," mzee kaniambia. "Ila usije ukaniambia nifunge injini ya Hiace."

"Hapana mzee. Kwanza tujue inaumwa nini."

Injini hii si ya kiwandani tena. Aliyekuwa nayo zamani, huko Arusha, aliiandaa kwa rali: kemshafti (mhimili ambao nundu zake ndizo zinazofungua valvu) yenye nundu ndefu kuliko ya kawaida, springi mbilimbili kwa kila valvu, hedi zimechongwa kidogo. Karatasi ya vipimo haipo. Kwa hiyo kitabu cha Range Rover kitatusaidia nusu tu. Nusu nyingine itabidi silinda zenyewe zitoe ushahidi, moja dhidi ya mwenzake.

Jumanne

Leo tumefanya yale yasiyohitaji kufungua. Injini imewaka, nikawa nachomoa waya wa plagi mmoja mmoja ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Silinda saba zilionyesha: ukichomoa, injini inazama. Namba sita, hakuna tofauti. Nikabadilisha plagi yake na ya namba mbili, nikabadilisha na waya. Ugonjwa ukabaki pale pale namba sita.

Kompresha (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda): zote kati ya psi 145 na 152, namba sita 150. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Silinda yenye kompresha nzuri inaonekana nzima, basi macho yanarudi kwenye kabureta. Lakini kipimo cha kompresha kwa stata kinauliza swali moja tu, kama valvu na ringi zinaziba. Hakiulizi kama valvu inafunguka inavyotakiwa. Valvu ya eksozi inayofunguka nusu inaziba vizuri kabisa ikifunga.

Na kukohoa kwenye kabureta kunasema jambo. Moshi uliokwisha kuungua usipopata njia ya kutokea eksozi, unasubiri. Valvu ya kuingiza inapofunguka, moshi ule wa moto unarudi nyuma kwenye manifodi na kukutana na mchanganyiko mbichi wa petroli. Ndipo unasikia "pah!" pale juu. Taimingi mbovu nayo hukohoza, ndiyo maana niliirudisha kwanza kwenye alama kabla ya kumsingizia mtu.

Geji ya vakyumu, ya kupima mvuto wa hewa kwenye manifodi, nimeifunga, mshale unatikisika kwa mpigo, ila sikuutegemea. Injini yenye kemu (kemshafti) kali huwa na vakyumu ya chini na ya kuyumba ikiwa sailensa hata ikiwa nzima.

Jioni tukakata chujio la oili kwa msumeno, karatasi yake tukaikunjua kwenye beseni na kupitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko ukatoka na uji wa kijivu. Chuma. Bloki ni alumini, pistoni ni alumini, beringi si za kushikwa na sumaku hivyo. Chuma chote kile kimetoka kwenye vitu vichache, na kemshafti ya chuma cha kusubu na tapeti zake (vikombe vinavyosukumwa na nundu) ndio wa kwanza kwenye orodha.

Jumatano

Kuhusu ti-ti-ti. Nimeweka bisibisi ndefu, mpini sikioni, nikapita kava ya kulia kutoka mbele kwenda nyuma. Mlio una nguvu silinda namba nne, si sita! Kijana wetu wa gereji akafurahi akidhani tumepata injini yenye magonjwa mawili. Yuko sahihi, kwa bahati mbaya ya mzee.

Kwanza tulihakikisha si eksozi inayovuja. Gasketi ya manifodi ikiachia hutoa mlio unaofanana kabisa na tapeti, ila mara nyingi hupungua chuma kikitanuka kwa moto. Tumepaka maji ya sabuni injini ikiwa baridi, hakuna pumzi iliyotoka. Tukafungua kava ya roka, vile vipini vinavyokandamiza valvu zifunguke. Shafti ya roka, upande wa chini pale roka ya namba nne inapokaa, imelika mpaka ukucha unanasa kwenye ngazi. Hiyo ndiyo inayogonga. Kwenye V8 hizi kulika kwa shafti ya roka ni jambo la kawaida.

Kumbe ule mlio uliowasumbua wote ulikuwa wa kesi nyingine. Nundu iliyokufa inaweza kukaa kimya, kwa sababu tapeti ni ya haidroli: ndani yake mna kipistoni kinachosukumwa na oili, nacho kinajaza pengo lote linalotokea. Injini yenye tapeti ngumu za kurekebisha kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) ingepiga kelele mapema. Hii inaumwa kimyakimya huku inasaga chuma.

Kabla ya kuzima nimemwita mzee aje aone kwa macho. Kava iko wazi, injini inazunguka taratibu, oili inaruka kidogo. Roka ya eksozi ya namba sita inaitikia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Za jirani zinapiga hatua kamili.

"Hiyo ndiyo inayonirudisha nyuma kilima cha Kasulu?"

"Ndiyo hiyo mzee. Kesho nitakuambia kwa milimita."

Alhamisi

Siku ya kupima. Dayali geji, ile saa yenye mshale ya mafundi wa mashine, tumeazima karakana ya jirani. Stendi yake ni ya sumaku, na sumaku haishiki alumini. Tumekata kipande cha bamba la chuma na kukifunga kwa bolti kwenye tundu za miguu ya shafti ya roka, stendi ikakaa juu yake.

Shafti za roka zimetoka zote mbili. Usipozitoa, springi ya valvu inaikandamiza tapeti, oili inavuja ndani yake taratibu, na unasoma uongo. Pushirodi (fimbo inayotoka tapeti hadi roka) ikiwa huru, kijispringi cha ndani ya tapeti kinatosha kuishikilia. Plagi zote nje, krenki (mhimili mkuu wa injini) inazungushwa kwa mkono na spana ya inchi, ncha ya geji juu ya kikombe cha pushirodi. Unaanzia upande wa duara, pale nundu haipo, unaweka sifuri, unazungusha mpaka mshale ugeuke. Kila nundu nimeirudia mpaka inipe jibu lile lile.

Eksozi, kwa milimita:
1 – 6.88
2 – 6.86
3 – 6.61
4 – 6.87
5 – 6.84
6 – 4.97
7 – 6.89
8 – 6.85

Za kuingiza zote ziko kati ya 6.83 na 6.91, isipokuwa namba nane yenye 6.70.

Tofauti ya senti tano za milimita siihesabu, mkono wangu wenyewe unaweza kuileta. Lakini namba sita imepoteza karibu 1.9, na roka za injini hii zinazidisha kwa 1.6, kwa hiyo valvu ile inafunguka pungufu kwa milimita 3 nzima. Eksozi ya tatu na ya kuingiza ya nane nazo zimeanza safari. Ukiwa na nundu moja iliyokufa na mbili zinazoumwa, kemshafti yote imekwisha, hata kama nyingine kumi na tatu zinang'aa.

Kijana kauliza kwa nini tusinunue tapeti moja ya namba sita. Tapeti mpya juu ya nundu iliyolika, au tapeti kuukuu juu ya kemshafti mpya, vyote viwili ni kuua pesa. Nyuso hizi mbili zinazoeana. Hata ukizitoa tapeti nzima kwa kazi nyingine, kila moja inarudi kwenye tundu lake na nundu yake.

Ijumaa

Manifodi ya juu imetoka, na lile bati la gasketi linalofunika bonde la katikati. Chini yake kuna tope jeusi la miaka. Tapeti kumi na sita. Nyingi zimetoka kwa sumaku na kuvutwa kidogo. Ya eksozi namba sita imegoma: uso wake wa chini umetanuka, hauwezi kupita kwenye tundu kwenda juu. Hii haivutwi kwa koleo, ukilazimisha unachubua tundu la alumini na bloki ndiyo inakuwa hasara. Inasubiri kemshafti itoke kwa mbele, ishushwe kwa chini, sampu (karai la oili la chini) ikiwa imefunguliwa.

Tumezipanga kwenye boksi la kadibodi lenye namba. Sasa kuzisoma.

Uso wa tapeti hii unaitwa bapa lakini si bapa. Ikiwa mpya umebinuka kidogo sana katikati, na nundu nayo imechongwa kwa mwinamo ambao jicho halioni. Kwa sababu hiyo nundu haigusi katikati ya tapeti, inagusa pembeni kidogo, na kila inapopita inaizungusha. Tapeti inayozunguka inagawa kazi kwenye uso wake wote. Ikikwama, nundu inasugua mstari mmoja tu, ngozi ngumu ya juu inatoboka, na chini yake chuma ni laini. Kuanzia hapo haichukui muda.

Kipimo ni rula ya chuma na mwanga wa dirisha. Ukiweka ukingo wa rula juu ya tapeti nzima, mwanga unaonekana kwenye kingo mbili na katikati panagusa. Tapeti ya eksozi namba tatu inaonyesha mwanga katikati: imekuwa kisahani. Ya kuingiza namba nane ina mikwaruzo iliyonyooka kutoka upande hadi upande, dalili kwamba iliacha kuzunguka. Zilizobaki zina alama ya mduara safi. Namba moja na namba mbili nimezigusanisha uso kwa uso, zinayumba, maana yake ule mbinuko bado upo. Hizo zilikuwa na maisha.

Jumapili, baada ya mchana

Rejeta, grili na kava ya mbele vimetoka. Kemshafti imevutwa taratibu, watu wawili, ili kingo za nundu zisichane beringi zake. Nundu ya sita eksozi imekuwa ya mviringo, ncha haipo. Tapeti yake imeshuka kwa chini. Uso wake umechimbika na pembeni umemeguka.

Pampu ya oili ya injini hizi imo kwenye kava ile ile ya mbele, gia zake zinazunguka ndani ya alumini. Unga wa chuma wote ulipita hapo kabla ya kufika kwenye chujio. Kuta zimechanika mistari. Nimeipiga picha na kumwonyesha mzee, akanyamaza, kisha akauliza bei. Nimemwambia tuisafishe, tuipime ikifanya kazi, ndipo tuamue.

Wiki ya kusubiri vipuri

Kemshafti, tapeti kumi na sita, cheni na gia zake, shafti za roka na roka vimeagizwa Uingereza kupitia mtu wa Dar. Tumechagua kemu ya wastani, si ile ya rali. Mzee alibisha kidogo, akakubali nilipomwuliza mara ya mwisho kupita mizunguko 5,500 kwa dakika ilikuwa lini.

Lakini kuagiza ni rahisi. Swali lililobaki ni nani aliyeiua ya kwanza, maana huyo bado yumo ndani ya injini.

Nimeanza na springi. Tuna drili ya kusimama, na jirani anayenunua kahawa ya Kalinzi katuazima mzani wake wa jukwaa. Springi inakaa kwenye mzani, drili inaishusha mpaka urefu unaolingana na valvu iliyofunguka kabisa, mzani unasoma. Springi mbili kwa pamoja: kilo 158. Kwa tapeti bapa ya barabarani, mimi sipendi kupita 140. Kisha nikaibana mpaka urefu wa mwisho wa kemu ile ya rali na kujaribu kupitisha fila geji ya 0.25 kati ya mikunjo ya springi ya ndani. Haikupita. Springi ilikuwa inakaribia kugota chuma kwa chuma kila valvu ilipofunguka kabisa, na mzigo wote ule ulikuwa unalaliwa na ncha ya nundu.

Wengi hudhani kemu hufa kwa mbio. Kwenye mizunguko ya juu, uzito wa valvu na roka unaotaka kuendelea kuruka huipunguzia ncha ya nundu nguvu ya springi. Ikiwa sailensa springi inakandamiza kwa nguvu zake zote, na juu ya hapo nundu hizi hutegemea sana oili inayorushwa na krenki, ambayo nayo sailensa hairushi kitu cha maana. Mzee ana tabia ya kuliwasha gari asubuhi na kuliacha lingurume uani wakati anakunywa chai.

Halafu oili. Nimemwomba mzee aniletee dumu. Ni 5W-30 ya kisasa, nzuri kabisa, ya gari jipya. Tangu 2004 oili nyepesi za daraja hilo kwa magari ya petroli zimewekewa kikomo cha fosforasi, asilimia 0.08, kwa sababu fosforasi huharibu kichujio cha moshi cha eksozi. Na fosforasi hiyo inakuja na zinki kwenye kiungo kile kile kinachojenga utando kati ya nundu na tapeti pale ambapo oili imebanwa ikaisha. Injini mpya nyingi zina rola au nundu zenye mzigo mdogo, hazidhuriki. Hii ya mzee inadhurika.

"Lakini fundi, hii niliambiwa ndiyo bora kuliko zote. Na bei yake bora!"

"Ni bora mzee, kwa Noah ya mjukuu wako. Mpe yeye."

Tumehamia 20W-50 yenye zinki ya kutosha, maandishi nimeyasoma mwenyewe kwenye dumu. Ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa sokoni sitaki hata kuisikia kwenye injini hii. Ukiniuliza mkosaji mkubwa nani, nitasema springi. Oili ilimsaidia.

Jumanne, vipuri vimefika

Basi limeingia na boksi zima, hakuna kilichopinda.

Kila tapeti mpya nimeidondosha kwenye tundu lake ikiwa na oili nyepesi: ishuke kwa uzito wake, izunguke kwa kidole. Tundu la namba nane lilikuwa na laki ngumu ya oili iliyoungua, ndiyo iliyokuwa inaikamata ile isiyozunguka. Limesafishwa kwa brashi. Nundu zote zimepakwa ile grisi nyeusi ya molibdenamu. Gia za pampu nimezijaza vaselini. Usipofanya hivyo pampu hii inazunguka kavu bila kuvuta, na kemu mpya inakufa kabla hujamaliza kujiuliza.

Roka za V8 hii hazina skrubu ya kurekebisha, kwa hiyo kipistoni cha tapeti lazima kizame ndani kwa kiasi fulani, kati ya milimita 0.5 na 1.5. Kwa sababu hedi zilichongwa, nimekuta 1.9. Shimu (kibati chembamba) ya 0.6 chini ya miguu ya shafti imepunguza karibu 1.0, kwa vile roka yenyewe inakuza kila kiasi unachoinua. Tumefika 0.9.

Springi za nje tu zimefungwa kwa ajili ya kuwasha mara ya kwanza.

Alhamisi, kuwasha

Taimingi imewekwa sawasawa, kabureta zimejazwa petroli kwa mkono, betri imechajiwa usiku kucha. Yote hayo ili isizungushwe na stata muda mrefu, maana hapo ndipo grisi ya nundu inapofutika. Imewaka mara moja. Moja kwa moja mizunguko 2,000 hadi 2,500, tukiipandisha na kuishusha, dakika 20, feni kubwa mbele ya rejeta na kijana ameshika mpira wa maji. Mama wa duka la pili kaja kuuliza kama kuna ndege. Tumemwomba radhi.

Oili imemwagwa ikiwa moto, chujio limekatwa. Grisi nyeusi, sumaku imetoka karibu safi.

Springi za ndani tumezifunga baadaye, lakini si zile za rali. Ni laini zaidi, na kwa kemu hii ya sasa fila geji ya milimita 1 inapita kati ya mikunjo zikiwa zimebanwa mpaka mwisho.

Jumamosi

Kidahwe mpaka Kasulu na kurudi. Kutoka ziwani, mita 773 juu ya usawa wa bahari, barabara inapanda mfululizo na hapo ndipo gari lilipokuwa linakata tamaa. Leo limepanda gia ya tatu bila kukohoa. Mzee aliendesha kurudi, mimi macho kwenye geji.

Geji ndiyo imebaki. Oili ikiwa moto, kwenye mizunguko 2,400, inasoma psi 27. Kitabu kinataka 30 hadi 40. Ile mistari kwenye kava ya pampu inavujisha. Nundu zote nimezipima tena jioni, ziko ndani ya senti tatu za milimita, kwa hiyo haijadhuru kitu bado. Kava mpya na gia zake vimeagizwa. Mpaka vifike, gari linakaa Gungu, mwisho mizunguko 3,500, na likiwashwa asubuhi liondoke.